Somo Yangu katika Nchi ya Kitivo

Asubuhi ya siku ile kipaza sauti cha msikiti kilitangaza jina langu kuwa ni la marehemu. Nilikuwa uani nafua. Kabla sijakamua nguo iliyokuwa mkononi, jirani yangu Mama Shufaa alikuwa ameshafika mlangoni, kanga imemkaa upande, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe upo," alisema.

"Nipo."

"Basi ni Mrefu."

"Ni Mrefu," nilijibu, na nguo nikairudisha majini.

Tulikuwa wawili wenye jina moja, na kwetu wenye jina moja huitana somo. Tulikutana kidato cha kwanza, dawati moja. Mwalimu wa hisabati alichoka kuita jina moja na kuitikiwa na midomo miwili, akampa yeye Mrefu na mimi Mfupi, na mji mzima ukafuata. Sisi wenyewe hatukuitana hivyo, wala hatukuitana kwa jina. Somo, nipe chumvi. Somo, mtoto ana homa, njoo. Jina lilikuwa la kutumiwa na watu wengine.

Tulifanana jina tu. Yeye alikuwa mtu wa kuvaa kitu siku ileile alipokipata. Kanga ikitoka dukani haikulala kabatini. Mimi ni mtu wa kuweka. Nikimwambia, "Somo, hiyo si ingengoja Idi," alikuwa akijifunga huku ananijibu: "Sanduku halina mwili, somo."

Wanaume walipotoka na jeneza, mtu mmoja jikoni aliniita kwa jina langu, akitaka kujua vikombe viko wapi. Niliona kama jina limeshatoka na wale waliobeba. Siku ile hapana aliyeniita somo, na siku zilizofuata vilevile, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kuniita hivyo alikuwa mmoja tu.

Baadaye Raya, binti yake, alijifungua mtoto wa kike, wakaja kuomba jina. Kwetu, jina la marehemu likiombwa na somo yake yu hai, huyo ndiye hulitoa: huweka mkono kichwani mwa mtoto na kulitaja watu wasikie. Niliweka mkono. Nilifungua mdomo. Kichwa cha mtoto kilikuwa cha moto chini ya kiganja changu, na mimi sikutoa neno.

"Hapana haraka, mama mdogo," alisema Raya.

"Haraka ipo," alisema mama mkwe wake, Bi Aziza, ambaye hakuwa mbaya ila alipenda mambo yaishe. "Mtoto haitwi 'wewe'. Ikifika Ijumaa halijatajwa, tutampa la kwetu. Kwetu majina tele, mengine hayajaguswa."

Nikaondoka kwenda kutafuta mtu wa kunifundisha namna ya kutaja jina ambalo ni la aliyekufa na ni lako pia. Namna nilivyofika Kitivo sitaieleza. Niseme tu kwamba ni nchi ambayo watu wake wanasifika kwa kujua.

Kitivo, kwa tunavyojua sisi, ni bonde lenye rutuba. Kwa hiyo nilitazamia mashamba, na mashamba nikayakuta. Nchi yote imegawanywa viwanja, kila kiwanja ni cha somo moja, na kila kimoja kimezungushiwa ua wa miti uliopandwa na kupunguzwa kwa uangalifu mkubwa. Ndani ya ua mara nyingi hakuna kilichopandwa. Niliambiwa kuwa kazi ya ua huchukua umri wa mtu, na anapoimaliza anastaafu.

Watu wa huko hawaulizani habari za asubuhi. Mmoja husema, "Somo?" na mwenzake hujibu, "Kemia," au "Jiografia," na hapo wote wawili hujua kama kuna haja ya kuendelea kuzungumza.

Mimi sikuujua utaratibu huo. Langoni palikuwa na Msajili, Bwana Makwaya, mtu mnene, miwani imening'inia kwenye uzi. Aliinua uso akasema, "Somo?"

Nilifikiri ananiita.

"Abee," nikaitika, na machozi yakanitoka kabla sijajizuia.

Alingoja, kwa adabu. "Nilikuwa nauliza, mama. Somo lako?"

"Somo yangu amefariki."

Aliifuta miwani. "Si yangu, mama. Langu. Somo langu. Na somo halifariki, hufutwa. Sema: somo langu limefutwa."

"Amefariki," nilisema.

"Wote husema hivyo mwanzoni. Mwaka juzi alipita hapa mzee wa Falaki, alikuwa analia zaidi yako. Tukamweleza, akaelewa." Kisha aligonga kengele na kutangaza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetangaza chai: "Limepatikana somo lililofutwa. Kiwanja kiko wazi."

Nikaona vichwa vikichomoza juu ya nyua, karibu na mbali.

Sheria yao ni hii. Hapana somo lisilo na kiwanja. Somo likifutwa, kiwanja chake hakina budi kiwe mahali fulani, na kila anayepakana nacho anaweza kudai kwamba kilikuwa chake tangu zamani. Madai hupelekwa Barazani. Atakayeshinda husogeza ua wake. Na jina la somo hilo huchongwa kwenye nguzo ya ua mpya, na tangu siku hiyo haliruhusiwi kutumika mahali pengine popote, ili kuzuia utata.

"Popote?" nilimuuliza Msajili.

"Popote."

"Hata kwa mtoto?"

"Hasa kwa mtoto," alisema. "Watoto huleta utata sana."

Nilitaka kurudi palepale. Akanieleza kwamba aliyeingia hawezi kutoka mpaka somo lake lijulikane liko wapi, maana lango hufunguliwa kwa kutaja somo. Akanikabidhi kwa Bi Ndekwa anitembeze.

Bi Ndekwa alikuwa wa Isimu, yaani elimu ya lugha, mwanamke mwembamba mwenye mswaki wa mti mdomoni. Alikuwa amesimama pale langoni nilipokuwa nikizungumza, na niliposema "yangu" alinitazama kama mtu aliyesikia mlio wa sarafu ikianguka. Lakini alinyamaza. Baadaye nilifahamu kwamba lango ni mali ya Utawala, na mtu wa Isimu haruhusiwi kusikia kitu langoni.

"Kiwanja chenu ki wapi?" nilimuuliza.

"Hapo," alisema, akionyesha upenyo kati ya ua wa Fasihi na ua wa Historia. "Tukikutana wawili, mmoja hugeuka ubavu. Tukiwa watatu, tunaita kongamano."

Tulipokuwa njiani mvua ilinyesha, na hapo nikaiona sheria ikifanya kazi. Mvua ikiwa angani ni ya Jiografia. Ikigusa jani ni ya Botania. Ikiingia kikombeni ni ya Kemia. Katika kila ua palitoka mtu, akaitazama ilipokuwa yake, na ilipoacha kuwa yake akaingia ndani. Mimi na Bi Ndekwa tulilowa. Kulowa hakukuwa na mwenyewe.

Palikuwa pia na mbuzi. Alikuwa mbuzi jike mweupe mwenye sikio moja lililopasuka, na alipita katika nyua kama vile hazipo. Kwa watu wa Zuolojia alikuwa mfano wa jamii yake. Kwa watu wa Falsafa alikuwa swali. Watu wa Fasihi walikuwa wamegawanyika kama yeye ni mhusika mkuu au mhusika mdogo. Alikuwa amekonda, mbavu zahesabika.

"Nani anamlisha?" nilimuuliza Bi Ndekwa.

"Kulisha si somo," alisema. Kisha akatazama pande zote mbili, akamkatia tawi.

Kwanza tulikwenda Historia. Profesa Lugome alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Alikuwa mzee mwenye sauti ya chini, na nilidhani huyu atanisaidia. Nilimweleza habari yote: dawati, chumvi, homa za watoto, kipaza sauti cha msikiti.

"Nani alisema haya kabla yako?" aliuliza.

"Hapana. Nayasema mimi."

"Hapa hatusemi jambo ambalo hapana aliyelisema kabla yetu. Hata njaa. Mimi mchana husema: kama alivyokwisha kueleza marehemu mwalimu wangu, mtu wa makamo huona njaa saa saba. Ndipo naletewa chakula."

"Lakini mimi nilikuwapo."

"Hilo ndilo tatizo," alisema kwa upole wa kweli. "Kuwapo ni mwanzo wa upendeleo. Tungependa mtu ambaye hakuwapo, na aliyekuja baadaye sana."

Nikamwambia kwamba nimekuja kuuliza jinsi ya kutaja jina. Akasema historia haitaji jina mpaka kila anayelijua awe amekufa, ili asiwepo wa kulalamika. Hata hivyo aliamini kwamba jambo langu ni la jana, na jana yote ni ya Historia, kwa hiyo angeweka madai yake Barazani. Aliniaga kwa heshima.

Katika Biolojia, Profesa Shekiondo alikuwa kijana, mikono yake misafi sana. Aliniuliza alikufa kwa nini. Nikamwambia moyo. Akasema moyo ni wake. Akanichorea ubaoni vyumba vinne na milango yake, akanionyesha mlango ambao huenda ulishindwa kufunga. Ulikuwa mchoro mzuri. Niliutazama muda mrefu, nikiwaza kwamba ndani ya kitu cha namna ile ndimo alimowaweka watu wote aliowapenda.

"Sasa umeelewa," alisema.

"Nimeelewa mlango," nilisema. "Mtoto nimwiteje?"

Akafuta ubao. "Mtoto bado ni wetu. Lakini kuita, hapana. Kuita nadhani ni kwa akina Bi Ndekwa." Alimtazama Bi Ndekwa kama mtu anayetazama mgeni aliyepotea njia, naye Bi Ndekwa aliutoa mswaki mdomoni akamwambia, "Salamu kwenu pia, Profesa."

Nje alininong'oneza: "Huyu mwaka jana alidai ulimi. Alisema ni msuli. Tukakaa miezi bila kusema."

Aliyekaribia zaidi kunisaidia alikuwa mtu wa Hisabati, Bwana Kaniki, ambaye alizungumza akiangalia ukuta.

"Mlikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Majina mangapi?"

"Moja."

"Akatoka mmoja. Wamebaki wangapi?"

"Mmoja."

"Majina?"

"Moja."

"Basi jina halikupungua," aliuambia ukuta. "Mngekuwa na majina mawili, moja lingepotea. Mlifanya vizuri kuwa na moja."

Nilisimama pale kidogo zaidi ya inavyostahili. Nilitaka arudie. Lakini alikuwa ameshaanza jambo jingine, na mlango wa Hisabati hufungwa kutoka ndani.

Barazani walikaa kwa mduara, ili asiwepo wa mwisho, na mduara wenyewe uligawanywa kwa kamba. Katikati alikaa Mkuu wa Kitivo, mama mtu mzima, Bi Mwanakheri, ambaye inasemekana wakati mmoja alikuwa na somo lakini uongozi ulimlazimu kulisahau. Aliwasikiliza wote kwa uchovu mwema.

Lugome alisema jambo lililotokea limetokea, na kila lililotokea ni Historia. Shekiondo alisema bila moyo kusimama hapangekuwa na jambo lenyewe. Mtu wa Saikolojia, ambaye hatukupata nafasi ya kumtembelea, alisema marehemu hana shida yoyote, mwenye shida ni huyu mama, kwa hiyo kiwanja kianzie kwangu kiende kwake. Mtu wa Sosholojia alisema mtu mmoja si kitu. Aonyeshwe mia mbili wenye msiba wa namna hii ndipo atoe neno. Mtu wa Falsafa aliuliza kama jina moja kwa watu wawili ni jina moja, na wote wakaguna, maana akiuliza hajibu.

Walijibizana muda mrefu. Nimeyasahau mengi. Nakumbuka Lugome akimwambia Shekiondo, "Wewe ukipewa mtu unarudisha maji na mifupa," na Shekiondo akijibu, "Na wewe ukipewa mtu unarudisha tarehe." Walicheka wachache, walioruhusiwa na kamba.

Ndipo Bi Ndekwa akainua mkono. Alikuwa amesimama, maana sehemu ya Isimu katika mduara ule haikutosha kiti.

"Naomba mama arudie alichokisema langoni. Kwa maneno yaleyale."

"Lango ni la Utawala," alisema Msajili.

"Hapa si langoni."

Mkuu alikubali kwa kichwa. Nikasema, "Somo yangu amefariki."

"Langu," alisema Msajili kwa mazoea.

"Mwache," alisema Bi Ndekwa. "Kasema yangu. Kasema amefariki. Hakusema limefariki. Nyinyi nyote mmekaa hapa tangu asubuhi mnagawana kiwanja, na huyu mama hajapoteza kiwanja. Kapoteza mtu. Somo ni mtu. Wenye jina moja, huko kwao, huitana somo. Hata huku tuliitana hivyo zamani, kabla ya nyua. Bibi yangu alikuwa na somo yake, alikuwa akija kwetu na maembe mabichi na chumvi."

Nadhani wengi walikuwa wanatafuta katika vichwa vyao kama na wao waliwahi kumsikia bibi yao akisema hivyo.

"Mtu," alisema Mkuu, kama anayepima uzito wa neno. "Haya. Mwili wake ni wa nani?"

"Wetu," alisema Shekiondo.

"Miaka yake?"

"Yetu," alisema Lugome.

"Ukoo wake? Maneno yake? Hofu zake?"

Kila mmoja alijibu kwa zamu.

"Na mtu mzima," aliuliza Mkuu, "huyo yupo kwa nani?"

Mtu wa Hisabati aliutazama ukuta. Kule nje mbuzi alikuwa anavunja kitu kwa meno.

"Hayupo," alisema Mkuu mwishowe. "Nchi nzima, viwanja vyote hivi, na mtu mzima hayupo kwa yeyote." Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mwenye nyumba aliyegundua kwamba nyumba ina vyumba vyote isipokuwa mlango wa mbele. Kisha akanigeukia, na nikaona kwamba nilimpendeza.

"Mama, Baraza linaweza kufanya jambo. Tuna ardhi kidogo upande wa mashariki, hakuna ua. Tutakupa wewe. Somo jipya. Utakaa hapo na utafundisha somo yako. Alivyocheka, alivyopika, alivyokuita. Utapewa chumba na wanafunzi, watakaa mbele yako na kuandika kila neno. Hutakuwa na kazi nyingine ila kumkumbuka. Jina lake litachongwa kwenye nguzo, na halitafutika maadamu nchi ipo."

Sitasema uongo hapa. Nilikitaka kiwanja hicho. Mimi hushona sare za shule. Tangu msiba nilikuwa nikizungumza naye katika kelele za cherehani, ili watu wasinione nimepungukiwa akili. Mjini kwetu watu walikuwa wameshaanza kunyamaza nikimtaja, si kwa ubaya, ila kama mtu anayengoja mwenzake amalize kukohoa. Hapa ningemtaja kutwa na watu wangeandika. Nilikiona kile chumba. Niliona hata dirisha lake.

"Na mtoto?" niliuliza.

"Atatafutiwa jina jingine. Jina la somo halivaliwi na mtu. Litachakaa."

Litachakaa. Nilimwona somo yangu kwa namna nilivyomwona siku nyingi, amesimama mbele ya kabati langu akinicheka, akizichomoa kanga zangu moja moja, zimekunjwa, zingine na karatasi ya dukani bado. Moja nondo alikuwa ameshaila katikati. Aliinua ile iliyotoboka, akanitazama kupitia tundu, akasema yale maneno yake. Kisha akajifunga mojawapo, bila kuomba, akaenda nayo sokoni, akairudisha ina doa la ndizi. Doa lile lipo mpaka leo.

"Ninashukuru," nilimwambia Mkuu. "Lakini sanduku halina mwili."

"Nani alisema hivyo kabla yako?" aliuliza Lugome.

"Yeye," nilisema.

Lugome aliinamisha kichwa, na Baraza likakubali kwamba kauli ina chanzo.

Mkuu hakukasirika. Aliniomba tu nitaje jina, angalau lisikike Barazani, ili wajue wamekosa nini. Nikamwambia nitalitaja nyumbani. Basi wakaunda kamati ya kuchunguza mtu mzima yupo kwa nani, na kabla sijatoka walikuwa wameshaanza kuvutana kuhusu kamati ikutane katika kiwanja cha nani.

Langoni Bwana Makwaya alikuwa amesharudi mahali pake.

"Somo?"

"Sina. Ninaye."

Alifikiri. Nilimwona anajitahidi kwa dhati. "Lango halifunguki kwa hilo," alisema, na akaonekana kusikitika.

Bi Ndekwa akanishika mkono tukazunguka nyuma ya Falsafa, ambako ua ulikuwa umeliwa chini, tundu la kumtosha mbuzi na mwanamke mfupi.

"Huyu hana somo, na anatoka kila siku," alisema. "Inama."

Nikainama. Kwa mara ya kwanza tangu shule nilishukuru kuwa Mfupi. Mrefu asingepita pale. Nilipokuwa upande wa pili nilimuuliza Bi Ndekwa jina lake la nyumbani, maana Ndekwa lilikuwa la kazi. Akanitajia. Nikatikisa kichwa: halikuwa jina langu. Tukacheka kidogo, kila mmoja upande wake wa ua, kwa sababu wote wawili tulikuwa tumetumaini.

Nilifika kwa Raya Ijumaa, watu wameshakaa, Bi Aziza anapanga sahani. "Huyo kaja na vumbi la wapi," alisema, "na pilau inapoa." Raya akanipa mtoto.

Sikuwa nimefundishwa namna ya kulitaja. Huko kote nilikopita hapana aliyenifundisha. Nilikuwa na neno la Bwana Kaniki tu, kwamba halikupungua, na doa la ndizi. Niliweka mkono juu ya kile kichwa cha moto.

"Mize," nilisema.

Sauti yangu ilitoka ndogo, kama inavyotoka mtu anapojiita mwenyewe. Mtoto alikunja uso, akalia. Bi Aziza akasema, "Hilo litamtosha, ana mapafu," na sahani zikaanza kupita.

Sasa ana miezi minane. Ana meno mawili ya chini, na ameshang'oa kitufe cha gauni langu. Wengine humwita Mize Mdogo. Mimi nikifika mlangoni kwa Raya, husema, "Somo, hodi," naye hugeuka.